Ushahidi Uliokuja kwa Teksi

Bango lilipokwisha kubandikwa kwenye kioo cha duka, Laetitia alivuka barabara ili alitazame kutoka ng'ambo, kama watu wanavyorudi nyuma kidogo kumtazama bibi harusi. Lilikuwa la manjano, maandishi yake mekundu, na abiria yeyote aliyepita Barabara ya Umbilo angeweza kulisoma bila teksi kupunguza mwendo. Juu Kiingereza, chini Kiswahili: UKIPATA BEI YA CHINI KULIKO YETU, LETE UTHIBITISHO, TUTAKUUZIA KWA BEI HIYO HIYO. KUPONI ZA MADUKA MENGINE TUNAPOKEA.

Maneno yote hayo aliyatunga yeye.

"Umeridhika?" Anti Aaminah alimwuliza aliporudi ndani.

"Linapendeza, Anti."

"Kupendeza siyo kuuza. Tutaona."

Anti Aaminah ndiye mwenye duka. Alizaliwa Durban, lakini wazee wake walitoka upande wa Afrika Mashariki, na Kiswahili chake nusu alikipata kwa bibi yake, nusu kwa wateja wake Wakongomani. Ndiyo maana aliweza kukupokea kwa "karibu mwanangu" na kukuaga kwa "haya, sharp." Aliuza vyombo vya nyumbani: sufuria, beseni, mablanketi, vikombe, mapazia. Kwa miaka mingi aliuza bila bango lolote. Kisha likafunguliwa duka kubwa kule kwenye taa za barabarani, ambazo Durban nzima huziita robot, likaanza kugawa kuponi kwa kila mpita njia, na wateja wa Anti Aaminah wakaanza kupita mlangoni kwake huku wakiangalia upande mwingine, kama watu wenye haya.

Hapo ndipo Laetitia alipotoa wazo lake. Anti Aaminah alilifikiria siku kadhaa, kisha akaweka sharti.

"Mwezi ujao naenda Umra," alisema. "Ama nifunge duka mpaka nirudi, ama nimwachie mtu funguo. Hilo bango ni lako. Jumamosi jioni nitatazama. Kama hujagombana na mteja, na hujaniuzia kitu kwa hasara, funguo ni zako. Ukikosea moja tu kati ya hayo, nafunga, na wewe utapumzika nyumbani."

Laetitia alijua kupumzika huko kunafananaje. Kabla ya kuajiriwa hapa aliuza makava ya simu kando ya njia, akikunja meza kila mvua inapotishia. Tangu aje Durban alikuwa ameishi chumba cha kupanga pamoja na wengine, amefanya kazi katika saluni ya mwingine, amelinda mizigo ya wengine. Hakuna mtu aliyewahi kumpa ufunguo wa kitu chochote, hata wa kabati. Kila alipoziona funguo za duka kiunoni mwa Anti Aaminah, zikigongana kila anapotembea, moyo wake ulicheza pamoja nazo.

Bango lilifanya kazi. Jumatatu aliingia baba mmoja na picha kwenye simu, beseni lile lile, bei ya chini kidogo. Laetitia akakagua, akalinganisha, akauza. Jumanne walikuja wanawake wawili na kuponi za duka kubwa, wamezikata kwa makasi vizuri kama viraka. Akazipokea. Jumatano akaja kijana na kuponi ya kuku wa kukaanga, akitaka apunguziwe bei ya blanketi.

"Kaka, hii ni ya kuku."

"Imeandikwa maduka mengine, dada. Pale siyo duka lingine?"

Laetitia akacheka, kijana akacheka, na mwisho akanunua blanketi kwa bei yake kamili. Eddy, mlinzi wa mlangoni, mtu wa Lubumbashi asiyeweza kunyamaza, alimsindikiza nje akimwambia kwamba angalau alete paja moja kama ushahidi. Kufikia Ijumaa duka lilikuwa na kelele tena, na Laetitia alikuwa anatembea kama mtu anayesikia ngoma kwa mbali.

Jumamosi, jua likiwa limepanda, akaingia Mama Cathy.

Mama Cathy alikuwa mwenyekiti wa komite ya harusi katika kanisa la Wakongomani, na ilisemekana hajawahi kulipa bei ya kwanza tangu aachishwe kunyonya. Hakusalimia bidhaa nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria kubwa za alumini, zile za kupikia ukumbi mzima, akaigonga moja kwa kidole na kusikiliza mlio wake.

"Hii iko bei gani, mwanangu?"

"Randi mia nane, Mama."

"Aka! Kule soko la Warwick, MaNgcobo ananipa kwa six-fifty. Sufuria hii hii. Na mimi nataka sita."

"Basi si ununue kwake, Mama?"

"MaNgcobo atanipa facture? Risiti yenye muhuri?" Mama Cathy aligeuka, akawa anahutubia duka zima. "Wewe hujui komite yetu. Harusi iliyopita Papa mmoja, mzee wa komite, alinunua kuku bila facture. Mpaka leo akiingia kanisani, watoto wanawika. Mimi nitafute aibu kama hiyo kwa uzee huu? Sufuria nataka za bei ya MaNgcobo, facture nataka ya Anti Aaminah. Na bango lako linasema inawezekana."

"Linasema ulete uthibitisho, Mama. Picha, karatasi, kuponi."

"MaNgcobo anauza chini ya mwavuli! Bei yake iko mdomoni mwake."

"Ndiyo hapo sasa, Mama. Bei ya mdomoni siwezi kuilinganisha."

Mama Cathy alitoka nje, akasimama mbele ya bango, akalisoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini. Kisha akarudisha kichwa mlangoni.

"Hakuna neno karatasi hapa. Iko neno uthibitisho. Ni sawa, mwanangu. Uthibitisho utakuja."

Laetitia alidhani atarudi na picha. Hakuwaza zaidi ya hapo. Adhuhuri ilipofika Anti Aaminah akaenda kuswali, na kutoka huko apite kumjulia hali dada yake, akamwachia duka yeye na Eddy.

Ndipo teksi moja, kibasi cha abiria, iliposimama mbele ya duka, mahali pasiporuhusiwa kabisa, ikipiga honi mfululizo. Mlango ukafunguka. Akashuka kwanza Mama Cathy, mikono juu, kama mtu anayeongoza maandamano. Ikafuata sufuria kubwa kuliko tairi. Nyuma ya sufuria, akiipakata bado kama mtoto, akashuka mama mnene mwenye aproni na kofia ya sufu. Nyuma yake wakashuka abiria watatu ambao hawakuwa wamefika kwao. Walitaka kuona itaishaje.

"Eish," Eddy alisema. "Mshindani mwenyewe!"

"Yuko wapi?" MaNgcobo aliuliza kwa Kizulu, akiingia. "Yuko wapi huyo anayesema mimi ni mwongo?"

Laetitia, ambaye Kizulu alijifunza kando ya njia, alimsogelea. "Mama, hakuna aliyesema hivyo."

"Huyu rafiki yangu ameniambia! Iko duka Umbilo, inasema hakuna mtu Durban anayeuza sufuria hii kwa six-fifty. Nimemwachia jirani meza yangu, Jumamosi, siku ya pesa, nije nimwone huyo mtu macho kwa macho."

Laetitia alimtazama Mama Cathy. Mama Cathy alikuwa anasoma bei za mapazia kwa makini sana.

MaNgcobo akaiweka sufuria yake sakafuni, kando ya sufuria ya duka. Watu wakasogea. Wengine walitoka saluni ya jirani, mmoja nywele zimesukwa upande mmoja tu. Eddy akazipindua sufuria zote mbili. Chini ya kila moja palikuwa na alama ile ile ya kiwanda cha Jacobs.

"Mapacha!" Eddy alipaza sauti. "Mama mmoja, baba mmoja!"

"Na bei?" akauliza mwenye nusu ya nywele.

"Six-fifty," MaNgcobo alisema, akijipiga kifua. "Nasema mbele ya watu. Six-fifty jana, six-fifty leo."

Vigelegele. Mama Cathy akaliacha pazia. "Umesikia, mwanangu? Uthibitisho huu una miguu, una mdomo, na nimeulipia nauli. Leta sita."

Lakini MaNgcobo alikuwa ameanza kulitazama bango. Akaomba atafsiriwe. Laetitia akamtafsiria neno kwa neno, maana hakuona njia ya heshima ya kufanya vingine. Uso wa MaNgcobo ukabadilika polepole, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Ngoja kwanza. Nikithibitisha, yeye ananunua hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Siyo kwangu?"

"Siyo kwako, Mama."

"Hawu!" Alimgeukia Mama Cathy. "Kwa hiyo nimefunga meza yangu, nimepanda teksi, nimebeba sufuria mapajani, nije nimpe huyu binti mteja wangu kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Lakini nauli nimekulipia," Mama Cathy alisema.

Duka lilipasuka kwa kicheko. Abiria mmoja alilazimika kushika rafu. MaNgcobo mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamteleza.

Laetitia ndiye peke yake ambaye hakucheka. Sufuria zile Anti Aaminah alizinunua kwa muuza jumla kwa mia saba kila moja. Akiuza sita kwa six-fifty, ni hasara, mara sita. Akikataa, ni ugomvi, tena na Mama Cathy, tena mbele ya nusu ya Umbilo. Milango miwili ya kwenda kwenye funguo, na yote miwili inafungwa mbele ya macho yake. Nyuma Eddy, ambaye alipaswa kutuliza watu, alikuwa ameanza kupiga makofi: "Ban-go! Ban-go!" na watu wakaitikia.

Akamtazama tena MaNgcobo anavyofuta machozi ya kicheko. Mtu anayeuza kwa hasara hacheki vile. Laetitia alikuwa amekaa kando ya njia vya kutosha kujua kwamba bei inayotamkwa kwa kifua mbele ya watu huwa bado ina nyama chini yake. Wazo likamjia lote kwa mara moja.

"Mama," alimwambia kwa Kizulu, "unazo ngapi kama hii?"

"Stoo? Nyingi."

"Ukiniuzia mimi sita, utaniuzia bei gani?"

MaNgcobo akafungua mdomo, na papo hapo Mama Cathy akasogea, sikio mbele. Wakongomani waliokaa Durban miaka kumi hawahitaji mkalimani wa hesabu. Bei yoyote itakayotamkwa hapa, Mama Cathy ataidai. Itakuwa bei ya mshindani, imetamkwa, imesikika, imethibitishwa.

"Usiseme!" Laetitia alipiga kelele, akainua mkono.

Enzi zake za makava ya simu, meza ya jirani ilikuwa ya Msomali muuza mablanketi. Yeye na wenzake walipouziana mzigo, walishikana mikono chini ya kitambaa na kubonyezana vidole, kama wazee wao walivyofanya wakinunua ngamia, ili wapita njia wasijue bei. Laetitia alivuta blanketi la rangi ya zambarau kutoka rafuni, akaushika mkono wa MaNgcobo, akalirusha juu ya mikono yao.

"Kila kidole ni randi kumi chini ya six-fifty," alimnong'oneza MaNgcobo sikioni.

Macho ya MaNgcobo yakang'aa. "Hawa Wasomali wanafanya hivi nyuma ya meza yangu kila siku! Nilidhani wanaombeana dua."

Wakaanza. Laetitia alibonyeza vidole vyote vitano. MaNgcobo akautikisa mkono kama aliyeshika kaa la moto, akarudisha viwili. Watu hawakuona kitu zaidi ya blanketi linalotetemeka na nyuso mbili, na hiyo iliwatosha. Eddy akageuka mtangazaji wa mpira.

"Laetitia anashambulia! Mama amekaza! Ooh, tazama nyusi, tazama nyusi za Mama!"

"Wanasemaje humo?" Mama Cathy alizunguka, akainama, akajaribu kuchungulia pindo. "Mwanangu, blanketi hilo linauzwa? Nataka kulikagua."

"Mama Cathy, rudi nyuma ya mstari!" Eddy alimwambia, ingawa hapakuwa na mstari.

Laetitia akarudia vitano. MaNgcobo akatoa vitatu, akavishikilia. Laetitia akafumba macho. Katika giza hilo alizisikia funguo zikigongana. Akabonyeza vinne, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, akaacha mkono wake ukae hapo bila kuvuta wala kusukuma. MaNgcobo alimtazama usoni.

"Wewe ulikuwa unauza wapi zamani?"

"Kando ya njia, Mama. Makava ya simu."

"Ninaona." Mkono mnene ukaufunika wa Laetitia, ukaubana. "Na maji baridi juu yake."

"Na maji baridi!"

Laetitia alilirusha blanketi juu. Watu walipiga kelele ambazo ziliwatoa hata wateja wa duka la simu mtaa wa pili, na hakuna hata mmoja kati ya waliopiga kelele aliyejua wanashangilia bei gani. MaNgcobo akapiga simu, na baada ya muda bakkie, pikapu ya shemeji yake, ikaja na sufuria tano, ya sita ikiwa imeshafika kwa teksi.

Laetitia alikuwa anaandika facture Anti Aaminah aliporudi. Alipoona kundi mlangoni alidhani mwizi amekamatwa. Akapenya, hereni zikiyumba.

"Kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna, Anti. Mama Cathy amenunua sufuria sita."

"Mashallah! Kwa bei gani?"

"Six-fifty."

Tabasamu la Anti Aaminah lilizimika. "Six-fifty? Laetitia! Mimi mwenyewe nilizinunua kwa—"

"Anti, zako bado ziko rafuni. Hesabu. Hizi ni nyingine."

Anti Aaminah alitazama rafu. Akatazama sakafu. Akamtazama mama wa Kizulu aliyeketi kwenye ndoo mpya iliyopinduliwa, akinywa maji ya barafu. Alifungua kinywa kuuliza bei ya kununulia, na Laetitia akaona sikio la Mama Cathy linasogea tena. Haraka akalivuta blanketi la zambarau, akaufunika mkono wa tajiri wake, akambonyeza vidole vinne, huku akimweleza sikioni kila kidole kina uzito gani. Anti Aaminah akahesabu. Midomo yake ilisogea. Kisha mabega yake yakaanza kucheka kabla ya uso.

"Piga muhuri," alisema.

Laetitia alipiga muhuri. Mama Cathy aliipuliza facture mpaka wino ukakauka, akaiinua juu ya kichwa, akaizungusha kwa pande zote nne za duka ili pasiwe na mtu wa kusema hakuiona.

"Sasa niambie tu kwa udugu," alimnong'oneza Laetitia wakati wa kuaga. "Chini ya blanketi ilikuwa ngapi?"

"Mama, hiyo iko kati yangu na blanketi."

"Mtoto mbaya," Mama Cathy alisema kwa furaha kubwa. "Harusini utakaa meza ya mbele."

Jioni Eddy alishusha nusu ya mlango wa chuma. Laetitia alifagia. Alikuwa amechoka, lakini miguu yake ilikataa kuamini hivyo, bado ilitaka kurukaruka. Anti Aaminah alizunguka duka, akapanga vikombe vilivyopangwa tayari, akasimama mbele ya blanketi la zambarau, ambalo sasa lilikuwa na alama za viatu na doa la maji.

"Hili haliuziki tena," alisema.

"Samahani, Anti. Nitalifua."

"Umegombana na mteja?"

"Hapana, Anti. Yeye ndiye aliyenigombeza, na ameondoka anacheka."

"Hm. Lete mkono."

Laetitia akanyoosha mkono. Anti Aaminah akaufunika na blanketi, akaingiza wake chini. Laetitia alisubiri kubonyezwa vidole. Badala yake kitu cha baridi kilishuka kiganjani mwake, kizito, kikitoa mlio mdogo alioujua. Akakifumba mkononi kwa nguvu.

"Ila nikuulize," Anti Aaminah alisema, akielekeza kidevu kwenye rafu. "Zile sufuria zangu nilizonunua kwa mia saba. Sasa Umbilo nzima imesikia six-fifty. Nani atazinunua kwa mia nane?"

Laetitia alizitazama sufuria. Zilikuwa zimekaa juu kule zinang'aa, hazina habari.

"Sijui, Anti."

"Hata mimi sijui," alisema Anti Aaminah, akichukua mkoba wake, akiinama kupita chini ya mlango wa chuma. "Na sitaki kujua. Hilo ni la mwenye funguo."